Maonyesho ya Mashua Zilizotulia

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo katika ramani zinazouzwa madukani. Niliuliza sababu, nikaambiwa mchoraji alifika mpakani, akatakiwa kuleta kibali cha kutazama, na mpaka leo anakisubiri. Kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta. Akiiona inafanana na mahali anapopajua, naomba aamini kwamba ni mfanano tu. Nchi nyingi zina maji, upepo na viongozi.

Katika nchi hiyo kuna mfereji mmoja mkubwa wa maili kumi na moja, uliochimbwa ili mashua zitoke ziwani zifike baharini. Haufiki baharini. Uliishia maili moja kabla, kwa sababu Mgeni Rasmi alikuja kuuzindua wakati wachimbaji wakiwa bado kazini. Alikata utepe. Sheria ya huko inasema kitu kilichozinduliwa kimekamilika, na anayeendelea kukichimba anampinga aliyekizindua. Wachimbaji waliweka majembe chini mchana ule ule. Mwishoni pakajengwa ukuta wa zege, na maji yanayozidi hupita juu ya ukuta huo na kudondoka katika korongo lenye kina cha nyumba ya ghorofa mbili. Watu wanapaita Kikomo.

Nieleze kidogo kuhusu Mgeni Rasmi. Kwingine mgeni rasmi ni mtu yeyote aliyealikwa siku hiyo. Huko ni cheo cha kudumu, chenye ofisi, gari, katibu na mkasi. Aliyekuwa nacho wakati wa habari hii alikishika kwa miaka ishirini na miwili, na inasemwa hajawahi kuwa mwenyeji mahali popote, hata nyumbani kwake, ambako mkewe humkaribisha kila jioni kwa hotuba fupi.

Anapopita Mgeni Rasmi, kila kitu husimama wima. Watu, bila shaka. Lakini pia baiskeli, mikokoteni na mbuzi, ambao hupewa mtu wa kuwashika. Kwa mashua, kusimama wima maana yake ni kutotikisika. Hili hupimwa kwa Bilauri ya Utulivu. Afisa huweka bilauri ya maji, imejaa mpaka mdomoni, katikati ya mashua. Mgeni Rasmi akipita na maji yasimwagike, mashua hupigwa mhuri ubavuni na kuruhusiwa kubeba abiria mwaka mzima. Maji yakimwagika, mashua hukatwa kuni za kupikia pilau ya kufunga maonyesho. Mwaka uliotangulia pilau iliiva kwa mashua mbili na mtumbwi, na waliokula walisema ilikuwa na harufu nzuri ya maji baridi.

Nimejaribu kuupima utaratibu huu pande zote mbili. Upande mmoja, ni mgumu kwa wenye mashua. Upande wa pili, pilau ni ya bure.

*

Kwa miaka yote Maonyesho ya Mashua yalifanyika mwezi wa sita, wakati maji ya mfereji yanalala kama kitambaa kilichopigwa pasi. Mwaka huo kalenda ya serikali ilitoka kiwandani ikiwa imeyaandika mwezi wa nane. Mwezi wa nane huko ni mwezi wa upepo. Kuku hutembea wameegemea ukuta.

Karani mmoja aliliona kosa na kuliripoti. Alishukuriwa kwa barua, akahamishiwa Kitengo cha Makosa Yasiyokuwepo. Kalenda ilikuwa imekwisha sainiwa, na saini haiwezi kuwekwa chini ya tarehe isiyo sahihi. Kwa hiyo tarehe ilikuwa sahihi.

Basi siku ya maonyesho ilipofika, mashua arobaini zilikuwa zimepangwa mstari mmoja kando ya uwanja, na upepo ulikuwa umefika kabla ya wageni waalikwa. Ya arobaini, mwisho kabisa upande wa Kikomo, iliitwa Tutafika.

Tutafika ilikuwa ya Bi Siwatu Machano, mwanamke wa makamo, mpole wa maneno na mwepesi wa mikono. Aliijenga mwenyewe kwa miaka sita, ubao kwa ubao, akinunua mvule kila alipoweza na kungoja kila aliposhindwa. Ilikuwa ndefu na nyembamba, yenye paa la turubai, na aliisukuma kwa upondo, ule mti mrefu unaochokolewa chini ya maji. Kila siku ilibeba wauza nyanya, walimu, wagonjwa wa kwenda kliniki na mara moja maharusi wawili waliogombana njiani wakapatana kabla ya kushuka. Hakuwa na kazi nyingine wala mashua nyingine. Mhuri ukikosekana, jioni ile ile Tutafika ingekuwa chini ya sufuria.

Saa mbili asubuhi alipita Bwana Lukindo, Msimamizi Mkuu wa Utulivu wa Vyombo, kipaza sauti mkononi na tai ikimpiga usoni.

"Wenye mashua, sikilizeni! Idara ya Hali ya Hewa imetoa taarifa. Leo ni shwari daraja la nne!"

Idara hiyo hairuhusiwi kutumia neno jingine zaidi ya shwari, ili isiwatie watu hofu. Lakini ina madaraja. Shwari daraja la kwanza, jani halitikisiki. La pili, kofia huanguka. La tatu, kofia haionekani tena. La nne lilikuwa halijawahi kutangazwa.

Wakati huo huo bati moja likapita juu ya kichwa cha Bwana Lukindo, likageuka mara mbili na kuelekea mashariki.

"Bati la nani hilo?"

"La Wizara, Bwana," mtu akajibu. Kisha akajisahihisha. "Lilikuwa la Wizara."

*

Kamati ya Utulivu ilikutana kwa dakika tisa. Ni kikao kifupi kuliko vyote katika historia yake, na kilifupishwa na hema la mkutano, ambalo liliondoka katikati ya ajenda ya pili. Wajumbe waliobaki wameshika viti vyao walifikiri kwa hatua. Mashua hutikisika kwa sababu inaelea. Mashua nyepesi huelea zaidi kuliko nzito. Mashua nzito sana haielei kabisa. Kwa hiyo mashua zijazwe mchanga mpaka ziguse chini.

Nakiri kwamba sioni kosa katika hoja hiyo, ukiichukua kipande kimoja kimoja.

Malori yakaleta mchanga. Pale uwanjani mfereji haukuwahi kuzolewa tope tangu uzinduliwe, na maji yalifika kifuani tu mwa mtu. Mashua zilishuka moja baada ya nyingine, kwa adabu, zikabaki paa na vichwa vya milingoti. Juu ya kila paa afisa mmoja aliweka bilauri. Hakuna iliyomwagika.

Mzee Ngwali, mwenye mashua ya thelathini na tisa, alisimama ukingoni akiitazama yake kwa fahari.

"Mwanangu Siwatu, jaza mchanga. Mimi yangu ishafika. Tazama ilivyotulia."

"Mzee Ngwali, mashua yako imezama."

"Imezama, ndiyo. Lakini imezama vizuri."

"Na keshokutwa utabebea nini abiria?"

"Keshokutwa nitakuwa na mhuri. Wewe utakuwa na nini?"

"Nitakuwa na mashua, kama Mungu akipenda."

"Mashua bila mhuri ni kuni, mwanangu."

"Na mhuri bila mashua?"

Mzee Ngwali alifikiri. "Huo ni mhuri," akasema. "Unautia kwenye fremu."

Bi Siwatu hakubishana zaidi. Alijua kwamba Tutafika ikilala topeni na mchanga juu yake, mbao alizozipigilia kwa miaka sita zingeachana. Alikuwa na njia yake. Kwa siku tatu alikuwa ameutazama upepo kwa uzi aliouning'iniza kwenye fimbo. Sasa aliigeuza mashua kichwa chake kiukabili upepo, akaifunga kwa kamba nne kwenye vigingi vinne, akahamishia mizigo yote chini katikati. Akajaza bilauri yake ya nyumbani, akahesabu hadi mia. Likamwagika tone moja. Akalegeza kamba ya kushoto kwa upana wa vidole viwili, akahesabu tena hadi mia. Halikumwagika hata tone.

Bwana Lukindo alikuja na karatasi ameishika kwa mikono miwili.

"Bi Siwatu, wewe hutaki mchanga?"

"Nataka mashua, Bwana Lukindo."

"Kamati imeshauri."

"Imeshauri au imeamuru?"

Bwana Lukindo akaitazama karatasi, ambayo ilikuwa ikijaribu kuondoka. "Imeshauri kwa nguvu."

"Basi mwambie Mwenyekiti nimesikia kwa nguvu."

Bwana Lukindo alipanda, akaketi sakafuni karibu na mahali pa bilauri, akaweka ile ya serikali na kuijaza polepole mpaka maji yakatuna juu ya mdomo wake. Hakuwa mtu mbaya. Alitoa leso, akaupangusa ubao pembeni ili tone lolote lionekane wazi, kwa haki.

"Tone moja tu, mama," akasema kwa huzuni. "Wapishi wameshaipita mashua yako mara mbili. Wanasema mvule unawaka taratibu, unafaa kwa pilau."

*

Mgeni Rasmi hakagui mashua akiwa ndani ya mashua, maana mashua ingetikisika. Hukaa peke yake, kwa mujibu wa itifaki, juu ya jukwaa linaloelea kwa mapipa matupu. Jukwaa huvutwa kwa kamba na makarani arobaini wa Wizara ya Maji Yaliyotulia, wanaotembea ukingoni kwa mwendo wa harusi. Juu yake kuna hema la kitambaa kizito chenye marinda, lenye kuta tatu, upande wa nne ukiwa wazi ili aonekane.

Bi Siwatu aliliona likija kwa mbali, limevimba.

"Lile si hema," alimwambia Mzee Ngwali. "Lile ni tanga."

"Nyamaza. Lina nembo."

Mgeni Rasmi alianza kwa hotuba. Ilikuwa na kurasa kumi na nne. Ya pili ilichukuliwa na upepo wakati anafungua ya kwanza, na ya tatu hadi ya tisa zikaifuata pamoja kama ndege wa familia moja. Hakusita.

"Ndugu wananchi," alisoma, "serikali yenu imedhamiria kwa dhati, kwa moyo mkunjufu na kwa awamu, kuhakikisha kwamba kila mwananchi, awe mkubwa au mdogo, awe wa juu au wa chini..." Hapo akafika ukurasa wa kumi. "...ametibiwa minyoo ifikapo mwisho wa mwaka wa fedha."

Watu walipiga makofi. Hakuna aliyeona pengo, na nimeambiwa na waliokuwepo kwamba ilikuwa hotuba iliyoeleweka kuliko zote.

Kisha ukaguzi ukaanza. Jukwaa lilipita mbele ya paa la kwanza, la pili, la kumi, la ishirini. Bilauri zilimeta. Mgeni Rasmi alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwaka jana," alisema katika kipaza sauti, "niliona mashua zikiyumbayumba kama watu wasio na kazi. Mwaka huu naona nidhamu. Naona ukomavu. Naona mashua zilizofika mahali zilipokuwa zinakwenda."

Akapita paa la thelathini na tisa. Mzee Ngwali alilia kwa furaha. Ikabaki Tutafika, peke yake juu ya maji, imetega kichwa kwenye upepo. Bwana Lukindo alikuwa amepiga magoti, pua yake upana wa kiganja kutoka kwenye bilauri. Bi Siwatu alikuwa ameshika kamba ya kushoto, akiilegeza na kuikaza kwa vidole kama mtu anayempapasa mtoto alale. Maji yalitetemeka. Hayakumwagika.

Ikagonga saa tano kamili. Kwenye ratiba, saa tano kamili ni wimbo wa taifa, na bendi ya nchi ile haijawahi kuchelewa.

Tarumbeta ya kwanza ilipolia, kila mtu alifanya anachofanya kila mtu wa huko. Alisimama wima, akanyoosha mikono chini ubavuni, vidole vimebana. Makarani arobaini pia walinyoosha mikono chini ubavuni, vidole vimebana. Kwa kufanya hivyo waliiachia kamba.

*

Upepo ulilichukua hema kwa furaha. Jukwaa liligeuka nusu, likapata njia, likaanza kuteremka mfereji kuelekea Kikomo. Mgeni Rasmi alikuwa amesimama wima, mkono kifuani kama cheo chake kinavyotaka, macho mbele, kwa kuwa wimbo ulikuwa unaendelea. Alipita mbele ya Tutafika kwa mwendo wa baiskeli.

Ukingoni watu elfu tatu walimwona. Hakuna aliyetikisika. Wimbo wa nchi hiyo una beti tisa, na kiitikio hurudiwa mara mbili kila ubeti, kwa msisitizo.

Bi Siwatu alipiga hesabu. Kutoka pale mpaka ukutani ni nusu maili. Kwa mwendo ule, mtu yule angekuwa korongoni kabla ya ubeti wa nne.

"Bwana Lukindo," alinong'ona bila kufungua midomo.

"Nyamaza. Wimbo."

"Mgeni Rasmi anaelekea Kikomo."

"Nimeona."

"Atadondoka."

"Atasubiri wimbo uishe."

"Yeye atasubiri. Maji je?"

Bwana Lukindo alikaza macho kwenye bilauri.

"Hajui kuogelea, Bwana."

"Amezindua mabwawa matatu ya kuogelea."

"Kuzindua ni mkasi. Kuogelea ni mikono."

Kiitikio kilianza. Bwana Lukindo alinong'ona kwa pembe ya mdomo. "Mama, ukifungua kamba hizi, bilauri itamwagika. Ikimwagika nitaandika. Sina namna. Nina watoto watano, na wote wanakula."

"Andika, baba. Kila mtu afanye kazi yake."

Aliitazama bilauri. Aliutazama mhuri uliokuwa umening'inia kwenye mkanda wa Bwana Lukindo, karibu kabisa, mtu angenyoosha mkono angeugusa. Aliutazama ubao wa tatu kutoka mbele, ule alioupata baada ya kungoja miezi saba. Halafu akazifungua kamba, moja, mbili, tatu, nne. Hakuzikata. Kamba nzuri haikatwi.

Tutafika ilizunguka, ikaupa upepo mgongo, ikaruka. Bilauri ililala ubavu na maji yote yakaenda sakafuni.

"Nimeandika," akasema Bwana Lukindo, na akaandika kweli, ameanguka kitako lakini amekaa wima.

Sitaeleza kila msukumo wa upondo. Alisukuma kama mtu anayetwanga, kwa mpigo mmoja usiobadilika, na mashua ikashika njia katikati ya mfereji. Alipokaribia alitupa nanga nyuma, akawa anaiachia kamba yake taratibu ili wasije nao wakapita juu ya ukuta. Mngurumo wa maji ya korongoni ulikuwa umeanza kusikika. Akaifikisha Tutafika ubavuni mwa jukwaa.

"Mheshimiwa! Ruka!"

Mgeni Rasmi alimtazama. Ubeti wa tatu ulikuwa unasikika kwa mbali, hafifu, na hapo aliona anaweza kushusha mkono. "Sijakaribishwa," akasema.

"Nakukaribisha! Karibu!"

"Mama, mimi ni Mgeni Rasmi. Sipandi mahali bila kutambulishwa. Itifaki haijazingatiwa."

Haikuwa kiburi. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa hofu, na miguu yake ilitaka kuruka. Iliinuka kidogo na kurudi. Lakini kwa miaka ishirini na miwili haikuwahi kuvuka kizingiti bila kuitwa kwa cheo, na sasa haikujua namna.

"Bwana Lukindo!" alipaza sauti Bi Siwatu. "Mtambulishe!"

Bwana Lukindo akasimama, akajishika kwenye mlingoti wa paa, akakohoa. "Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Waheshimiwa viongozi wa vyama na serikali. Wageni waalikwa kutoka taasisi mbalimbali. Wazee wetu. Akina mama..."

"Fupisha!"

"...vijana, wanahabari..."

"Ukuta huo, baba! Ukuta!"

"Itifaki imezingatiwa!" alilia Bwana Lukindo. "Karibu!"

Mgeni Rasmi alivuka kwa hatua moja, taratibu, kama anayepanda jukwaani, akakaa kwenye benchi la wauza nyanya. Bi Siwatu akaikaza kamba ya nanga. Tutafika ikasimama kwa mshtuko. Jukwaa likaendelea, likapanda juu ya ukuta na hema lake, marinda yake na kiti chake cha mahameli, likainama kama linalosalimu, likatoweka. Ilichukua muda kabla ya kishindo kusikika.

"Lilikuwa jukwaa jipya," akasema Mgeni Rasmi. "Nililizindua Jumanne."

Bi Siwatu akamrudisha kwa upondo, dhidi ya upepo, nusu maili nzima. Walifika uwanjani bendi ikimalizia ubeti wa tisa. Watu elfu tatu wakalegeza mikono, na ndipo wakaanza kupiga mayowe.

*

Kesi ilisikilizwa siku ya tatu, katika jengo lenye kuta. Wakati huo wote Tutafika ilikuwa imefungwa nyuma ya jiko la Wizara, na mpishi mkuu alikuwa ameshanoa shoka. Mgeni Rasmi alikuja kuuzindua usikilizaji, akakata utepe mlangoni, akakaribishwa kiti.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, kwenda wakati wa wimbo wa taifa. Mwenyekiti wa Kamati alilisoma kwa sauti nzito, kisha akakumbuka ni nani mwingine aliyekuwa akienda wakati wa wimbo wa taifa, tena akiwa ametangulia. Alilisoma tena kwa sauti ndogo, akalifuta kwa wino.

La pili lilikuwa mashua kutikisika.

"Bwana Lukindo, bilauri ilimwagika?"

"Ilimwagika, Mwenyekiti. Niliandika."

"Yote?"

"Hata ya kunawa hayakubaki."

Mwenyekiti akafunga faili. Mpishi mkuu, aliyekuwa amekaa nyuma, akainuka kwa heshima kwenda kazini. Bi Siwatu akainua mkono.

"Mwenyekiti, naomba Mheshimiwa mwenyewe aulizwe. Yeye ndiye aliyekuwepo. Aliona nini?"

Kwa miaka ishirini na miwili Mgeni Rasmi alikuwa ameambiwa alichokiona; hakuna aliyewahi kumwuliza. Yeye mwenyewe alionekana kushangaa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaonekana anatafuta kwa bidii ndani ya kichwa chake, kama mtu anayetafuta taa katika nyumba ya zamani.

"Bilauri sikuiona ikimwagika," alisema polepole. "Nilikuwa nimekwisha kupita."

"Na mashua?"

"Mashua ilikuwa chini yangu. Tangu nilipokaribishwa mpaka niliposhuka haikuniacha hata hatua moja. Haikwenda mbele yangu, haikurudi nyuma yangu. Nimekaa katika viti vingi, Mwenyekiti. Sijawahi kukaa mahali palipotulia nami kiasi kile."

Karani aliandika.

"Isipokuwa," aliendelea Mgeni Rasmi, na sasa sauti ilianza kupata nguvu, "kuna jambo nililiona nikalinyamazia. Kingo. Kingo za mfereji zilikuwa zinapanda na kushuka. Nilizitazama vizuri. Zilikuwa zinanipita, huku na huku, bila salamu, wakati mimi nimeketi."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akauliza kwa hofu: "Zote mbili, Mheshimiwa?"

"Zote mbili."

Kamati ilitoka kwa mashauriano ya dakika ishirini. Mpishi alibaki amesimama mlangoni. Bi Siwatu alikaa ameiweka mikono yake magotini, mikavu, yenye malengelenge, akaitazama.

Walirudi. Mwenyekiti akasoma uamuzi. Mashua Tutafika haikutikisika mbele ya Mgeni Rasmi, na ipigwe mhuri leo hii. Kingo za mfereji, ule wa kulia na ule wa kushoto, hazikusimama wima. Zimesimamishwa kazi kwa miezi mitatu kupisha uchunguzi.

Bwana Lukindo aliupiga mhuri mwenyewe, nyuma ya jiko, kwa mikono yote miwili. Aliupiga mara mbili, wa pili ukiwa si wa lazima.

*

Barua za kusimamishwa zilibandikwa kwenye kingo kila baada ya hatua mia. Zinasema mtuhumiwa asionekane katika eneo la kazi mpaka uchunguzi utakapokamilika. Kingo zimeendelea kuonekana, na inasemwa jambo hilo linazidisha uzito wa kesi. Ili kutoingilia uchunguzi, wananchi wamekatazwa kuzikanyaga.

Jumatatu asubuhi upepo ulikuwa umeshuka mpaka shwari daraja la pili. Mashua thelathini na tisa zenye mhuri zilikuwa chini, zimetulia. Wenyewe walikuwa wanapanga foleni pamoja na abiria wengine, Mzee Ngwali akiwa wa kwanza na fremu yake, yenye nakala ya mhuri, kwapani. Bi Siwatu alikuwa ametafuta ubao mrefu, akauweka kutoka njiani mpaka kwenye mashua, ukipita juu ya ukingo kwa nafasi ya kiganja. Bwana Lukindo alipiga magoti, akaipima nafasi ile kwa rula, akaandika kwamba ukingo haukuguswa.

"Pita, Mzee Ngwali."

"Napita, mwanangu. Polepole. Huu ubao unatikisika."

"Wewe ndiye unayetikisika. Ubao umetulia."

Mmoja mmoja wakavuka. Wa mwisho alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mnyenyekevu mwenye kisanduku cha chaki. Katikati ya ubao alisimama, akainama akaisoma barua iliyobandikwa chini, mpaka kwenye saini. Kisha akatazama huku na huku, akanyoosha mkono, akaupapasa ukingo kidogo, pale penye majani.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Mimi walinisimamisha mwaka juzi. Usijibu barua. Wakikuuliza, sema ulikuwa umesimama."